Mkono wa Yeuri, Jicho la Ercilio

Ercilio Peguero alikuwa mtu wa mizani. Siku za kazi alipima machungwa kwenye ghala lililoko nje kidogo ya mji wa Hato Mayor, na Jumapili alisimama nyuma ya mdakaji kwenye uwanja wa besiboli wa mtaa, amevaa barakoa ya chuma, akiamua mpira upi ni halali na upi si halali. Kazi zote mbili alizifanya kwa roho moja: akishasema, kasema. Wakulima walimtania kwamba hata mama yake mzazi angepanda kwenye mizani ile, Ercilio angemwambia avue viatu kwanza. Yeye alicheka tu, maana alijua ni kweli.

Pale Hato Mayor mtoto huijua besiboli kabla hajajua kufunga kamba za viatu, kwa hiyo sheria zake hazihitaji hotuba. Mtupaji anatupa, mpigaji anangoja na gongo lake. Mpira ukipita juu ya sahani iliyopachikwa chini, kati ya magoti na kifua cha mpigaji, huo ni straiki. Ukipita nje ya hapo ni bola. Straiki tatu, mpigaji akakae. Bola nne, anatembea bure hadi kituo cha kwanza, na akimkuta mwenzake pale anamsukuma mbele. Basi. Ugomvi wote wa Jumapili hutokea kwenye upana wa kidole kimoja, pale ukingoni mwa sahani, na mtu mmoja tu ndiye anayelipwa kuutazama ukingo huo.

Yeuri alikuwa mtoto wake wa ubatizo. Ercilio ndiye aliyemshika kichwa juu ya maji kanisani, na tangu siku ile yeye na Nereida, mama wa mtoto, wakawa wanaitana kompadre na komadre. Neno hilo watu wa kule hawalichezei. Ndugu wa damu unaweza kukosana naye hata kwa ajili ya uzio, ila komadre hukosani naye, na ukikosana naye mtaa mzima unajua.

Mkono wa yule mtoto ulijitangaza mapema. Akiwa na miaka tisa alimfuata Ercilio ghalani, akaokota chungwa lililooza, akalirusha ng'ambo ya barabara kwenye ukuta wa bati wa karakana. Bati likabonyea. Chungwa lile, jamani, si jiwe! Wapakiaji waliacha kazi wakaenda kulipapasa lile shimo kwa vidole, mmoja akajifanyia ishara ya msalaba. Ercilio alilipia bati bila kunung'unika. Usiku ule alimwambia mkewe, "Huyu mtoto Mungu kampa kitu, halafu kasahau kumpa maelekezo."

Na kweli maelekezo hayakuja. Alipofika miaka kumi na minne Yeuri alikuwa mrefu kama mlingoti, mpira ukitoka mkononi mwake unalia, lakini unakokwenda ajuaye ni malaika. Mbwa waliozoea kulala pembeni mwa uwanja wakimwona anapanda kichuguu cha mtupaji walihama wenyewe. Jumapili moja mpira wake ulimpita mdakaji juu ya bega ukamvunja Ercilio mfupa wa mtulinga. Ukaungana, lakini mwili ulikuwa umeshaweka kumbukumbu yake. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

Kocha Maireni, ambaye kazi yake ilikuwa kuwalea vijana na kuwaonyesha kwa wasaka vipaji wa timu za Amerika, hakuona tatizo. "Tupa kwa nguvu tu," alimwambia. "Kasi ndiyo wanayonunua. Hayo mengine watakufundisha wao." Kijana akatupa kwa nguvu. Alipofika miaka kumi na sita, umri ambao vijana wa kule huchukuliwa au huachwa, msaka vipaji alikuja, akaelekeza kidude chake cha kupimia kasi, akaguna kwa furaha. Kisha akakaa akahesabu bola. Yeuri aliwatembeza bure wapigaji wanne mfululizo, na kila mara aliyetamka "bola" kwa sauti yake nzito, isiyotetereka, alikuwa baba yake wa ubatizo. Msaka vipaji akafunga begi kabla mchezo haujaisha.

Nereida alimngoja Ercilio getini.

"Moja tu, kompadre. Moja tu ungemwachia, ungekufa?"

"Zilikuwa nje, komadre."

"Nje kiasi gani? Nje kama kwenda sokoni?"

"Nje ni nje."

"Si wewe uliyemshika kichwa kanisani? Sasa leo umekishika hicho hicho kichwa umekizamisha." Akampa kisogo. Ilipofika Kwaresima, Nereida alipika maharagwe matamu ya maziwa na viazi, akajaza mabakuli na kuyasambaza mtaa mzima kama ilivyo desturi: kwa padre, kwa mlevi wa kona, hata kwa yule mwanamke aliyemwibia kuku. Kwa Ercilio bakuli halikufika. Mkewe alikaa mlangoni mpaka jioni akijifanya anapunga upepo. Usiku ule Ercilio hakupata usingizi, na asubuhi yake alikosea mizani kwa mara ya kwanza katika maisha yake.

Maireni alimtema kijana. Mwaka huo mvua zilipoanza, Yeuri hakuwa na kocha wala timu, akabaki barabarani na watoto wadogo wakicheza vifuniko. Mchezo huo kila mtu kule ameucheza: gongo ni mti wa ufagio, na mpira ni kifuniko cha plastiki cha lile dumu kubwa la maji ya kunywa. Mtu mzima wa miaka kumi na sita kucheza vifuniko ni aibu, na makocha huwakataza vijana wao wasiuharibu mkono. Yeuri hakuwa na wa kumkataza. Alichora mraba kwa mkaa kwenye ukuta wa duka la mama yake, akawa anatupa kutwa. Kina mama walilalamika kwamba vifuniko vinaingia mpaka kwenye masufuria.

Ercilio alipita njia ile kila siku akienda kazini, na kwa kuwa hakuwa na ruhusa ya kusimama mbele ya duka lile, alipita polepole. Wiki za kwanza vifuniko vilikuwa vinapaa juu ya mabati. Kifuniko hakijali misuli. Ukikitupa kwa hasira kinakucheka, kinageuka hewani kinakwenda kwa jirani. Baadaye vikaanza kugonga ukuta. Baadaye tena vikaanza kugonga mraba. Siku moja Ercilio akaona jambo lililomfanya ashuke kwenye baiskeli, ruhusa au hakuna ruhusa. Kifuniko kilitoka kikielekea kichwa cha mtoto aliyeshika mti wa ufagio, mtoto akachutama, kisha kile kifuniko kikabadili nia hewani, kikainama, kikagonga kona ya chini ya mraba, tena kona ya mbali.

"Baraka, baba," Yeuri akasema alipomwona, kama mtoto yeyote wa kule anavyomsalimu mzazi wake wa ubatizo.

"Mungu akubariki. Hicho umekifanya makusudi?"

"Kipi?"

"Usinichezee."

Kijana akacheka. "Hiki hakitaki nguvu, baba. Kinataka kuombwa. Nikikiomba vizuri kinakwenda. Bado kinanikatalia mara nyingi."

"Na mpira?"

"Mpira una kiburi kidogo. Lakini unaanza kusikia."

Ndani ya duka Nereida alikohoa kikohozi ambacho hakikuwa cha mafua. Ercilio akapanda baiskeli yake, na njia nzima mpaka ghalani nywele za mikono zilikuwa zimemsimama.

Mvua zilipokatika Yeuri alirudi uwanjani, na Maireni, ambaye hakuwa mjinga wa kupitwa na chakula, akampokea kama mwanawe aliyepotea. Na Jumapili moja ya Januari msaka vipaji akaja tena. Huyu aliitwa Licinio, mzee mkavu mwenye kofia ya majani, asiyesalimia mtu. Yeuri alikuwa amebakiza wiki chache atimize miaka kumi na saba. Kwa hesabu za biashara ile, kijana wa umri huo ni mkate wa jana, kwa hiyo hakuna aliyehitaji kuambiwa kwamba ni leo au basi tena. Nereida alifunga duka. Alikaa benchi la mbele, nyuma kidogo ya wavu, mkoba mapajani, na alipomwona Ercilio anavaa barakoa yake akatazama pembeni.

Mchezo ulikuwa dhidi ya timu ya El Seibo, iliyoongozwa na Papolo, mtu mnene mwenye mdomo usio na likizo. "Ercilio!" alipiga kelele hata kabla ya mpira wa kwanza. "Leo mwanao anatupa? Umeandika wosia?"

Ercilio akakaza kamba za barakoa. Aliinama nyuma ya mdakaji, kijana mwenye maneno aliyeitwa Joselo, na mpira wa kwanza ukaja. Ulipiga glavu ya kudakia mlio mmoja mkavu, kwenye goti, ukingoni. Glavu haikusogea. Wa pili ukaja ukingo wa pili. Glavu haikusogea. Nafasi ya Ercilio ni ya mtu mmoja tu duniani: mashabiki huutazama mpira kwa ubavu, yeye anautazama unavyomjia, na alichokiona alasiri ile hakuwahi kukiona. Kasi ilikuwa ile ile iliyobonyeza bati. Ila sasa ilikuwa na adabu. Ilikwenda inakotumwa, ikakaa, ikangoja itumwe tena. Alijikuta anatamka "straiki" kwa sauti ya chini, kama mtu aliye kanisani, mpaka Papolo akauliza kama anaumwa.

Raundi ya tano mambo yakakorogeka, na kosa halikuwa la kijana. Mwenzake mmoja alidondosha mpira rahisi, mwingine akarusha hovyo, na mpigaji wa tatu alitembea bure baada ya mpira uliopita nje kwa unene wa karatasi, ambao Ercilio aliuita bola bila kusita. Benchi la Nereida likapiga mluzi wa hasira. Vituo vyote vitatu vikajaa watu wa El Seibo. Wapigaji wao wawili walikuwa wameshatolewa. Akitoka mmoja zaidi raundi imekwisha. Akapanda Braudilio, mpigaji wa El Seibo mwenye mikono kama mapaja. Straiki, bola, bola, straiki, bola. Ukabaki mpira mmoja wa kuamua kila kitu. Kule nyuma Licinio alikuwa ameshaweka mkono kwenye zipu ya begi lake.

Yeuri akatupa. Siku nzima alikuwa ametupa mipira iliyonyooka, na huu ulikuwa wa namna nyingine: ulitoka mkononi juu, ukamjia Ercilio usoni, sawasawa kati ya macho. Braudilio akajipinda nyuma kuokoa kichwa chake. Na Ercilio Peguero, kwa mara ya kwanza katika miaka yote ya kusimama pale, alitawaliwa na mwili: mfupa wa mtulinga ukakumbuka kabla ya akili. Akafumba macho.

Akasikia glavu. Alipofumbua, glavu ya Joselo ilikuwa chini, kona ya goti, ukingo wa mbali, imetulia. Lakini wadakaji wana ujanja wa kuvuta glavu ndani wakishadaka, ili bola ionekane straiki, na huyu alikuwa bingwa wa kuvuta. Uwanja mzima ukamgeukia.

"Mzee," Joselo akanong'ona, "ni straiki. Naapa kwa bibi yangu."

"Bibi yako nilimzika mimi, mwache apumzike."

"Ercilio, vipi?" Papolo akapaaza sauti. "Ni bola au ni straiki? Au tumwite padre aamue?"

Nereida alikuwa amesimama, vidole vimeshika wavu. Mwaka mzima hakuwa amelitaja jina lake. "Ercilio!" akalia. "Sema straiki! Si unaiona glavu iko pale?"

Aliiona. Moyo wake ulimwambia straiki, na ndiyo maana hakuuamini, kwa sababu moyo wake ungemwambia straiki hata mpira ungetua sokoni. Akavua barakoa. Jasho lilimtiririka mpaka kidevuni.

"Sikuuona," akasema.

"Hukuona nini?" Papolo akauliza.

"Mpira. Nilifumba macho."

Walicheka kwanza. Walipoona hatanii, uwanja ukalipuka. "Kumbe ulikuwa umelala!" mmoja akapiga kelele. "Rudisha Jumapili zetu zote!" Maireni akaja mbio akidai straiki, Papolo akaja mbio akidai bola, wakasukumana vifua, na Ercilio akawa amesimama katikati kama mtu aliyevuliwa nguo sokoni. Aibu aliyoisikia siku hiyo hakuwahi kuisikia kabla. Aliona amemwangusha kijana mara mbili: mara ya kwanza kwa macho yaliyofunguka, na leo kwa yaliyofumba.

Ndipo Yeuri akashuka kutoka kichuguuni. Alikuja polepole, anapangusa kiganja kwenye suruali.

"Nitaurudia," akasema.

"Utarudia nini, mtoto?" Papolo akamwuliza.

"Ule ule. Pale pale."

Papolo akamtazama, kisha akamtazama Braudilio. "Na huyu anajua unakuja?"

"Ajue tu."

"Huyu mtoto kachanganyikiwa. Haya! Nimekubali. Ukiurudia ule ule, pale pale, nakubeba mgongoni mpaka kwa mama yako. Ukiukosa, ni bola, na mnanyamaza wote mpaka Pasaka."

Kila mtu akarudi mahali pake. Licinio aliacha kidude chake cha kupimia kasi juu ya kiti, akaja kusimama nyuma ya wavu, kofia mkononi. Braudilio akachimbia miguu yake ardhini na kujiapiza, kwa sauti iliyosikika, kwamba safari hii hainami hata iweje. Ercilio akavaa barakoa. Akajisemea: jicho, leo ukifumba nakung'oa.

Mpira ukatoka. Ulipanda mahali pale pale, ukamjia usoni vile vile, na kila kitu ndani ya mwili wake kikapiga yowe akimbie. Hakukimbia. Macho yakamwaga maji, akayaacha wazi. Akaziona nyuzi nyekundu za mpira zikizunguka. Akaona mpira unafika mahali hewani ambapo hapakuwa na kitu, ukasita kama mtu aliyeitwa jina lake, kisha ukaanguka. Braudilio aliyejua kila kitu, aliyekuwa amejiapiza, akajipinda nyuma huku gongo limelala begani, maana mwili hauna masikio. Mpira ukapita juu ya kona ya sahani, kwenye goti, ukaingia kwenye glavu iliyokuwa imeshafunguliwa kuungoja. Joselo hakuvuta kitu. Hapakuwa na cha kuvuta.

Mtu anaweza kubahatisha mara moja. Mara ya pili si bahati. Ercilio alijua hilo kuliko yeyote pale. Akainua mkono wa kuume juu kabisa, ishara ya straiki, akaubakiza huko.

Hakuna aliyeshangilia mara moja. Walitazamana kama watu wanaosubiri kuambiwa kwamba wameona kweli. Wa kwanza kusema alikuwa Papolo, na alisema kwa upole usiokuwa wake: "Panda, mtoto." Akageuza mgongo, akambeba kijana mrefu miguu ikiburuzika vumbini, akihema, mpaka kwenye wavu alipokuwa mama yake. Hapo ndipo uwanja ukapasuka kwa kelele.

Licinio hakungoja zitulie. "Mama," akamwambia Nereida, "wenye kasi ninao tele, wamenijaza nyumba. Aliyeambiwa rudia akarudia sikuwa nimempata mpaka leo. Jumanne nitamfuata mwenyewe na gari nimpeleke kwenye timu." Akavaa kofia yake, akarudi kukaa. Begi alilisukumia chini ya kiti.

Ercilio alimwita mwamuzi msaidizi, kijana aliyesimama karibu na kituo cha kwanza, akamkabidhi barakoa. "Mtu aliyefumba macho asimalizie mchezo," akamwambia, na hakutaka mjadala. Kisha akabaki amesimama, kwa sababu hakujua pa kwenda. Hakuwahi kukaa kwenye mabenchi yale hata siku moja.

Nereida, bila kumtazama, akanyanyua mkoba wake kutoka kwenye benchi na kuuweka chini. Ercilio akakaa. Wakatazama mbele wote wawili. Raundi mpya ikaanza, Yeuri akapanda kichuguu, akatupa, na mlio wa glavu ukarudi uleule mkavu.

"Huo?" Nereida akauliza.

"Straiki, komadre."

"Basi piga makofi. Nani anakukataza?"

Kweli, hakuna aliyemkataza tena. Tangu kijana aanze kucheza akiwa na miaka saba, Ercilio kama mwamuzi alikuwa akiitazama mikono yake mwenyewe isije ikapiga makofi. Akapiga. Alipiga vibaya, nje ya mdundo wa wenzake, kisha akasimama akaliita jina la mtoto wake kwa sauti iliyowageuza watu mpaka mabenchi ya nyuma. Machozi yalimjaa kiasi kwamba mpira uliofuata hakuuona kabisa, na hakuna aliyemwuliza ulipita wapi.